Mausi ya wima, ya kulala au ya gololi: uchukue ipi kama mchana ni kazi na usiku ni gemu

Mtu yuko Posta anapiga Excel toka asubuhi, jioni anagombania Mwendokasi, akifika Kimara anaoga, anakula, afu anakaa tena kwenye kompyuta na gemu mpaka saa sita usiku. Mkono ni ule ule mmoja. Ikifika siku kifundo kikaanza kuuma au vidole vikawa vinakufa ganzi, kila anayemwambia ana jibu lake. Huyu anasema nunua mausi ya wima, yule anasema ya wima gemu huchezi, mwingine kaona mtu ana ile yenye gololi anaapa ndo dawa. Wote wana kaukweli, ila kila mtu anaongelea mkono wake, meza yake na gemu lake.

Nazilinganisha hizo tatu: ya kulala (ile ya kawaida, na hasa ile nyepesi ya gemu), ya wima ambayo unaishika kama unampa mtu mkono wa salamu, na ya gololi ambayo yenyewe haitembei, unazungusha kimpira kwa kidole. Sitakwambia moja ndo baba lao maana haipo.

Vya kuangalia kabla hujatoa hela

Kwanza mkono wenyewe. Kati ya kiwiko na kifundo kuna mifupa miwili. Ukigeuza kiganja kitazame meza, mfupa wa upande wa dole gumba unapita juu ya mwenzake na misuli inabaki na kazi ya kuushikilia hapo masaa yote. Ukiusimamisha mkono, mifupa inakaa sambamba. Hoja yote ya mausi ya wima iko hapo, na ni hoja ya kweli. Ila kuna mambo mengine mawili ambayo wauzaji huwa wanayaruka: kifundo kupinda kwenda juu huku kimelalia ukingo wa meza, na mkono kutanuka kwenda kulia mbali kwa sababu kibodi ina namba pembeni. Hayo usiyategemee yaondoke kisa umebadilisha mausi. Kama unakaa kwenye kiti cha plastiki na meza ya kulia chakula, meza iko juu, bega linapanda, na bega likipanda hata ushike mausi ya dhahabu jioni utaumia tu.

Pili kazi unayofanya: kuchagua visanduku vidogo, kuburuta, kuskroli kurasa ndefu, kukata video. Tatu gemu, na hapa nasisitiza ni gemu gani, sio gemu tu kwa ujumla. Nne mazingira yetu, yaani joto, jasho, vumbi, meza ndogo, meza ya kioo. Tano hela, pamoja na kama utaipata dukani uishike au utaagiza ukiwa hujawahi kuigusa.

Ya kulala

Mkono. Kiganja kinatazama chini, kwa hiyo ule mzunguko wa mifupa upo. Lakini sio zote sawa. Zile ndogo bapa unazopewa bure na laptopu ndo mbaya zaidi, maana mkono mzima unaelea na vidole vinakaa kama kucha za kuku. Ya gemu yenye mgongo mrefu unaojaza kiganja inapumzisha mkono vizuri kuliko watu wanavyodhani, afu uzito wake ni mdogo. Logitech G102 ni gramu 85, na G Pro X Superlight iko chini ya gramu 63. Unavyosukuma kitu chepesi siku nzima misuli inashukuru.

Kazi. Hapa haina mpinzani wa usahihi toka dakika ya kwanza, maana mkono wako umeizoea toka kompyuta ya kwanza uliyoigusa. Dizaina anayechora kwenye Photoshop au mtu anayekata video ataona tofauti akijaribu nyingine. Vitufe vya pembeni vya mausi ya gemu pia unaweza kuvipa kazi ya kukopi na kupesti, watu wengi wanavyo na hawavitumii kabisa.

Gemu. Kwa magemu ya kupiga risasi, Counter-Strike 2, Valorant na ndugu zao, hii ndo yenyewe. Sababu sio ufahari. Nyingi zinapeleka taarifa kwa kompyuta mara 1000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 1, wakati mausi nyingi za ofisini ni mara 125, yaani kila milisekunde 8. Afu wachezaji wengi wa hayo magemu wanaweka spidi ya mshale chini, kwa hiyo mkono unafagia pedi yote, ukifika mwisho unanyanyua mausi unairudisha katikati. Kuinyanyua hii ni kuibana tu kwa dole gumba na kidole kidogo, vidole vya kukliki havihusiki.

Mazingira. Ya waya haijui betri wala chaji. Inataka nafasi lakini, meza ya sentimita arobaini huku kuna kibodi kubwa, hapo utagonga kikombe cha chai kila ukigeuka.

Hela. Ndo rahisi kupatikana kuliko zote, Kariakoo unaingia duka lolote la vifaa vya kompyuta unatoka nayo, kuanzia za bei ya nauli mpaka za kuumiza. Angalia feki tu, maana hasa za majina makubwa zinaigwa mpaka boksi.

Inamfaa ambaye mkono hauumi bado, au anayecheza magemu ya kulenga kwa ushindani, au ambaye kazi yake ni pikseli moja moja.

Ya wima

Hii ndo yenye maneno mengi mtaani kwa hiyo nakaa hapa zaidi.

Mkono. Inafanya inachosema, kiganja kinasimama na kifundo kinaacha kulalia meza. Logitech MX Vertical, iliyotoka 2018, imeinama nyuzi 57, na Logitech wenyewe wanadai inapunguza kazi ya misuli kwa asilimia 10. Soma hiyo namba vizuri, ni asilimia kumi, na aliyeitoa ndo muuzaji. Faida ipo ila sio muujiza. Kinachotokea hasa ni kwamba kazi inahama, kifundo kinapumzika na mwendo unatoka kwenye kiwiko na bega. Kwa mwenye maumivu ya kifundo hiyo ni nafuu kubwa, kwa ambaye bega lake ndo bovu inaweza kuwa kinyume chake.

Na saizi, jamani saizi. Watu wanabishana nyuzi ngapi wakati kinachoamua ni kama mkono unaenea. Pima kutoka mstari wa kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati. Logitech Lift ya 2022 imetengenezwa kwa mikono midogo na ya kati, mpaka sentimita 19 hivi, MX Vertical ni ya mikono mikubwa. Dada mwenye mkono mdogo ukimpa MX Vertical vidole vinanyooka kufuata vitufe na dole gumba linatanuka, ataumia kuliko mwanzo afu atasema mausi za wima ni utapeli. Kitu kingine ni kidole kidogo. Kwenye nyingi za bei rahisi kinaburuzika mezani, jioni kina wekundu pembeni. Kampuni ya Evoluent wameweka kaukingo chini cha kukipakata, na hicho kaukingo kina maana kuliko taa na mbwembwe zote.

Kazi. Wiki ya kwanza utakuwa mzito, utakosa vitufe vidogo, utakasirika. Hiyo ni kawaida kwa karibu kila mtu. Ukishazoea, kazi za kusoma, kuandika barua pepe, mifumo ya ofisi, kuskroli, kujaza fomu, inakwenda raha mustarehe. Inaposumbua ni kwenye kukliki kitu kidogo, na sababu yake inaonekana kwa macho. Mausi ya kulala ukikliki unabonyeza chini na meza inaishikilia. Ya wima ukikliki unasukuma pembeni, na kwa mkono wa kulia inasukumwa kushoto. Kinachoizuia ni dole gumba lako tu.

Ukiwa dukani fanya hivi, muombe muuzaji aichomeke kwenye laptopu, peleka mshale kwenye kile kimsalaba cha kufunga dirisha, afu kliki ukiwa unaangalia mshale badala ya mkono. Mshale ukiruka kushoto kidogo kabla dirisha halijafungwa, vitufe ni vigumu kwa vidole vyako. Rudia na nyingine. Muuzaji ataanza, "Kaka hiyo ndo ya kisasa, madaktari wanaisifia," we mwambie "sawa boss, naomba na ile pale," endelea. Zenye vitufe laini kama Lift zinapunguza hilo tatizo sana.

Gemu. Hapa ndo kwenye ubishi, na wanaobishana wote wako sahihi kwa magemu yao. Kwenye Football Manager, Civilization, Age of Empires na mengine ya kupanga na kufikiri, ya wima haikunyimi kitu, tena ukikaa masaa mengi kwenye Football Manager unapanga usajili utaifurahia maana ni kliki na kuskroli tupu. GTA V ya kujifurahisha, sawa tu. Dota 2 inawezekana ila kitufe cha kulia kinagongwa muda wote, kwa hiyo ule msukumo wa pembeni utausikia kwenye dole gumba.

Kwenye Counter-Strike na Valorant ndo inabanwa. Uzito kwanza, MX Vertical ni gramu 135 na Lift 125, kama mara mbili ya zile nyepesi. Pili kunyanyua. Kumbuka nilivyosema kuhusu kubana kwa dole gumba na kidole kidogo, sasa kwenye ya wima vidole unavyobania upande wa pili ndo vile vile vya kukliki, kwa hiyo ukinyanyua unaweza kujikuta umefyatua risasi na adui kajua ulipo. Tatu ni ndefu kwenda juu, ukitoa mkono kwenye kibodi kuurudisha haraka unaigonga inalala chali. Na sensa, yaani kile kijicho cha chini kinachosoma mwendo, za bei ya chini huwa zinaishia DPI 1600 au 2400 (DPI ni hatua ngapi mausi inahesabu kwa kila inchi unayoisogeza), MX Vertical na Lift ni 4000, ambazo zenyewe zinatosha kabisa kulengea, tatizo la za ofisini ni kasi ya kupeleka taarifa. Razer mwaka 2025 walitoa Pro Click V2 Vertical ambayo ina sensa ya kigemu, kwa hiyo hoja ya sensa inaanza kufa taratibu, ila ya uzito na kunyanyua bado ipo. Ukitaka kulazimisha, pandisha spidi ya mshale ili usinyanyue sana, na zima ile settingi ya Windows inayouongezea mshale mwendo mkono ukienda haraka.

Mazingira. Zenye mpira mpira juu zinashika vizuri siku za mwanzo, lakini kwa joto na unyevunyevu wa Dar mipira ya namna hiyo huwa inaanza kunata kama pipi baada ya muda. Plastiki kavu isiyong'aa inadumu. Kwenye meza ya kioo weka pedi, hii inahusu sensa nyingi tu za kawaida, sio ya wima pekee. Kwenye begi inakula nafasi, ni nundu, na ukibanwa kwenye daladala la Gongo la Mboto laptopu ndo itakayoumia. Kuhusu betri, MX Vertical unachaji kwa USB, Lift inakula betri moja ya AA ambayo hata kwa Mangi ipo. Ile ya Anker isiyo na waya inatumia AAA mbili, na ukiiacha dakika 8 inalala, unaiamsha kwa kubonyeza kitufe. Ofisini haina neno, kwenye gemu ukirudi kutoka jikoni itakuudhi.

Hela. MX Vertical ilitoka kwa dola 99.99 na Lift kwa 69.99, zidisha kwa rate ya siku hiyo uongeze usafiri na kodi. Zisizo na jina zipo Kariakoo kwa bei ya kawaida na sio zote mbaya, kwa kweli kama hujui utaipenda au vipi, anza na hizo za bei ndogo ujue kwanza kama mkono wako unakubali. Mashoto wanaonewa kidogo, nyingi ni za kulia tu, ila Lift na Evoluent zina toleo la kushoto.

Inamfaa mwenye kifundo kinacholalamika, kazi ya masaa mengi ya kawaida, na magemu yasiyo ya kulenga kwa sekunde.

Ya gololi

Mkono. Mausi imekaa tuli, bega na kiwiko havitembei. Kwa mwenye maumivu ya bega hakuna inayoifikia. Ila mzigo wote unaenda kwenye kidole kimoja, na kwa zile za dole gumba kama MX Ergo na Ergo M575 za Logitech, dole gumba linafanya kazi ya mkono mzima. Kama dole gumba limeshachoka kwa kuchati, utaliongezea. Zipo za gololi kubwa katikati ambazo unatumia vidole viwili vitatu, Kensington wanazo, hizo zinagawana mzigo vizuri zaidi. MX Ergo unaweza pia kuiinamisha nyuzi 20, kwa hiyo kidogo inapakana na ya wima.

Kazi. Skrini mbili kubwa unavuka kwa msukumo mmoja wa kidole, raha. Kuburuta huku umeshikilia kliki ndo mtihani, kuchagua safu ndefu kwenye Excel utajifunza kutumia Shift. Mhasibu mwenye hizi anaweza hata kuihamishia mkono wa kushoto kama ni ya gololi ya katikati, kulia kukabaki na namba za kibodi, na huo ni mpango mzuri sana ambao watu wachache wanaufikiria.

Gemu. Ya kupanga sawa. Ya kupiga risasi wapo wanaoweza, lakini kugeuka ghafla na kusimama hasa kwenye kichwa cha mtu kunataka mazoezi ya muda mrefu, na kuchora boksi la kuchagua askari kwenye Age of Empires kwa dole gumba ni kero.

Mazingira. Meza ndogo, kitandani, juu ya kitabu, yote sawa, haihitaji hata pedi na kioo hakiisumbui. Adui wake ni vumbi na jasho. Mshale ukianza kukwamakwama igeuze, kwenye tundu la chini sukuma gololi kwa kalamu itoke, ndani utaona vidoti vitatu vidogo vimezungukwa na uchafu wa kijivu kama nywele. Toa kwa ukucha au pamba, futa gololi na kitambaa, rudisha. Ukiishi karibu na barabara ya vumbi utafanya hivyo mara kwa mara.

Hela. M575 ilitoka 2020 kwa dola 49.99, MX Ergo 2017 kwa 99.99. Madukani sio nyingi kama za wima, mara nyingi utaagiza.

Inamfaa mwenye bega bovu, mwenye meza finyu, na asiyecheza magemu ya kukimbizana.

Sasa wewe uko wapi?

Kazi masaa nane na gemu ni Football Manager au Civilization: ya wima inakutosha kote kote, chagua kwa saizi ya mkono tu na usihangaike na DPI.

Kazi kutwa na usiku ni Valorant au Counter-Strike kwa kiu ya kupanda ranki: kuwa na mbili. Ya wima ofisini, nyepesi ya kulala nyumbani. Sio anasa, ya wima isiyo na jina pamoja na G102 bado huwa chini ya bei ya MX Vertical moja, na kubadilisha mshiko mchana na usiku kwenyewe kunaupa mkono mapumziko, maana kinachoumiza sana ni mkao mmoja usiobadilika.

Una hela ya kitu kimoja na mausi yako ya sasa haina kasoro: angalia kibodi kwanza. Kibodi fupi isiyo na namba pembeni inasogeza mausi karibu na mwili, bega linashuka. Kama wewe ni mhasibu na namba huwezi kuziacha, hapo ndo ya gololi mkono wa kushoto inapoingia. Na kiti kipandishe kwa mto mpaka kiwiko kilingane na meza, hiyo ni bure.

Dizaina na wakata video: baki na ya kulala yenye mgongo mrefu, au jaribu ya wima kwenye kazi za barua pepe tu mpaka mkono uzoee.

Ganzi ya dole gumba, shahada na kidole cha kati, hasa inayokuamsha usiku: mara nyingi huo ni mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo, nenda hospitali, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanashughulika na mambo haya, mausi utanunua ukishajua unaumwa nini.

Na kama gemu lako ni mpira wa kwenye padi, eFootball na wenzake, futa kipengele cha gemu chote, chagua kwa kazi ya mchana peke yake.